Kisu, mateso, sindano au pepo: utastahimili muvi gani ya kutisha?

Mtu akiomba achaguliwe muvi ya kutisha, swali lake la kwanza huwa hili: "Ina damu nyingi?" Ukimjibu hilo tu umemjibu nusu. Hapa Malindi nimekaa mkeka mmoja na watu wanaotazama kichwa kikitenganishwa na kiwiliwili huku wakichovya viazi karai kwenye ukwaju, kisha watu hao hao wakainuka kwenda barazani kupunga upepo mara tu daktari wa kwenye muvi alipotoa sindano. Nimekaa pia na mtu asiyeweza kabisa kutazama jeraha, naye akaimaliza muvi ya pepo hadi majina ya waigizaji yakapita, akaenda kulala usingizi wake wote. Huwezi kusema nani kati yao ana moyo mgumu. Kila mmoja ana ugumu wake, na ana pahali pake panapouma.

Kwa hiyo hapa sipangi muvi kutoka nyepesi kwenda kali. Naziweka aina za ukatili ubavu kwa ubavu, ili ujue ipi inakufaa na ipi uiache. Msimamo wangu nausema mapema: kinachomshinda mtu mara nyingi ni ukaribu wa kile anachoonyeshwa na maisha yake mwenyewe. Wingi wa damu huja baadaye sana.

Alama ya umri ina mpaka wake

Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya hutumia alama nne: GE kwa watu wote, PG kwa watoto walio na uangalizi wa mzazi, 16 na 18. Ni alama zenye kazi, na katika nyumba yenye watoto nazifuata. Ila 18 inawabeba pamoja muuaji wa kinyago anayemmaliza mtu kwa sekunde mbili na mtesaji anayemshughulikia mtu aliyefungwa kitini nusu ya muvi. Alama inakwambia nani asitazame. Haikwambii wewe, mtu mzima, utaumia wapi.

Angalia The Conjuring ya mwaka 2013. Damu yake ni kidogo mno, lakini Marekani ilipewa R, alama inayomtaka aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima, kwa sababu inatisha tu. Halafu angalia The Texas Chain Saw Massacre ya 1974. Mkurugenzi Tobe Hooper aliibana damu makusudi akitarajia alama nyepesi ambayo ingewaruhusu vijana. Hakuipata, na Uingereza ilikaa hadi 1999 ndipo ikaipa kibali. Ukiitazama leo utashangaa jinsi unavyoona machache, na bado utainuka umechoka kana kwamba ulikuwa unakimbia wewe. Mngurumo wa msumeno, joto, jua kali, yule msichana anavyopiga mayowe bila kupumzika, hivyo ndivyo vinavyokushika. Mwenye kuhesabu damu angeiweka muvi hii miongoni mwa zile nyepesi, naye angekosea vibaya.

Kisu cha haraka na mateso ya polepole

Aina hizi mbili watu huzichanganya sana, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu jioni nyingi. Zote zina silaha, zote zina damu, zote zina kijana anayelia. Lakini mwili wa mtazamaji unazipokea kwa njia mbili tofauti kabisa.

Muvi ya kisu ina muuaji mmoja, mara nyingi amevaa kinyago, anawamaliza vijana mmoja baada ya mwingine. Psycho ya Alfred Hitchcock, 1960, ndiyo iliyowafungulia wengi njia. Tukio lake la bafuni lilichukua siku saba kupigwa, likaunganishwa kwa vipande vifupi vifupi hivi kwamba karibu usikione kisu kikiingia mwilini, na ile damu inayotiririka kuelekea shimo la maji ilikuwa sharubati ya chokoleti, maana muvi yenyewe ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Halloween ya John Carpenter, 1978, ikaja na kinyago cheupe na piano aliyoitunga Carpenter mwenyewe, na damu yake pia ni ya kuhesabika. Katika aina hii ukatili ni mfupi. Kuna kusubiri, kuna kushtuka, kuna ukelele, kisha unavuta pumzi. Mnapata nafasi ya kumkaripia msichana wa kwenye muvi, "Wee, usiingie huko!", na kucheka kwa aliyemwaga chai. Ina kanuni zake, na ukizijua unajua karibu dakika gani ufumbe macho.

Mateso hayakupi pumzi hiyo. Saw ya James Wan, 2004, na Hostel ya Eli Roth, 2005, zilikuja karibu pamoja, zikafuatwa na kundi zima la muvi za mtu aliyefungwa. Hapa hakuna pa kukimbilia. Mtesaji ana muda, ana vifaa, na anazungumza. (Niseme kwa haki: Saw ya kwanza inaonyesha machache kuliko watu wanavyoikumbuka, zilizofuata ndizo zilizoongeza.) Unapotazama kisu cha haraka, moyo unapanda na kushuka. Unapotazama mateso, unapanda ukakaa huko juu, na mtu anaweza kutoka akiwa na kichwa kinachouma na hasira asiyojua aielekeze kwa nani.

Kuna muvi moja ya aina hii ambayo ningependa iwe na onyo la herufi kubwa: Audition ya Takashi Miike, ya Japani, 1999. Kwa zaidi ya saa nzima ni hadithi ya mjane anayetafuta mke, tulivu, ya huzuni nzuri. Anayeitazama anadhani ameletewa muvi ya mapenzi. Kisha mwisho wake ni sindano na waya. Ni muvi iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, na simpi mtu kabla sijamwambia hayo. Mshangao ulio ndani yake si mali yangu kiasi cha kumfanya mgeni wangu atapike.

Jinsi ya kujipima kati ya hizi mbili ni kujiuliza unachoogopa zaidi: kufa au kuumizwa? Anayeogopa kufa hushikwa na kisu na kufurahia kule kunusurika. Anayeogopa maumivu, hasa maumivu ya mtu asiyeweza kujitetea, hatapata raha yoyote kwenye mateso, hata kama mwisho mtesaji analipwa. Na kuna wale ambao swali hili wamelijibu maishani. Mtu aliyewahi kupigwa akiwa hana pa kutokea, na mpigaji awe nani, ndani ya nyumba yake au mikononi mwa wanaume wenye rungu, huyo usimwambie "ni muvi tu". Mwili wake unajua isivyo muvi. Chagua kisu, au chagua kitu kingine kabisa.

Sindano: mwili unapokataa

Wapo watu wazima, wenye nguvu zao, wanaozimia kwa damu na sindano. Huu si woga wa kawaida. Katika hofu nyingi moyo hupiga mbio na presha hupanda. Kwa watu hawa vinapanda kwanza, kisha vyote viwili vinaporomoka ghafla: jasho la baridi, masikio yanavuma, macho yanaona giza, mtu anaanguka. Hufuata ukoo mara nyingi. Ukimwona baba anaanguka kliniki, usishangae mwanawe akianguka sebuleni.

Kwa hao, orodha ya muvi kali na muvi nyepesi inapinduka. The Exorcist ya 1973 inajulikana kwa kichwa kinachogeuka na matapishi ya kijani, lakini tukio lililowashinda watazamaji wengi ni la hospitalini, mtoto anapotiwa sindano shingoni ili apigwe picha ya mishipa. Hakuna pepo pale, hakuna muuaji. Kuna madaktari wanaofanya kazi yao. Ndugu wa aina hii anaweza kucheka na muvi ya panga zima na akazimia kwa dakika hiyo moja.

Kuna msaada. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake walieneza tangu miaka ya 1980 zoezi la kukaza misuli. Unakaza mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, unalegeza kwa sekunde 20 hadi 30, unarudia mara tano. Linazuia presha isiporomoke. Ni kinyume cha ushauri tuliozoea kumpa mtu, "tulia, legeza mwili", ambao kwa huyu ndio unaomwangusha. Zoezi hili ni bora lifanywe mapema, mara dalili ya kwanza inapoanza, na mtu akiwa ameketi chini mkekani kuliko kwenye kiti kirefu.

Kinyaa

Hapa nitapita upesi. Muvi za mwili kuoza na kugeuka, kama The Thing ya Carpenter, 1982, na The Fly ya David Cronenberg, 1986, zinatisha kidogo na kuchefua sana. Hofu hupita muvi ikiisha. Kinyaa hukufuata mezani. Kula kwanza, tazama baadaye, na muache saa kadhaa katikati. Jambo moja ambalo watu hawaambiwi: The Fly ni hadithi ya mtu anayeugua na kuharibika mbele ya ampendaye, siku baada ya siku. Aliyemuuguza mzazi nyumbani hadi mwisho ataiona hiyo kabla ya kuona nzi. Kazi ya mtu haisaidii sana kubashiri. Anayepasua samaki kutwa nzima anaweza kushindwa na ukucha mmoja unaong'oka.

Damu bila pepo, pepo bila damu

Ulinganisho huu ndio mzito zaidi kwa Pwani, nami naukalia kidogo.

Muvi nyingi za kutisha zinazotoka Marekani zinamchukulia mtazamaji kama mtu asiyeamini, anayeshawishiwa kwa saa mbili aamini. Sisi hapa hatuanzii huko. Nyumba nyingi za Malindi zina jamaa aliyewahi kupandwa, zina aliyesomewa, zina aliyefukizwa ubani, zina bibi anayekukataza kupiga mluzi usiku. Waislamu wanaamini majini wapo, ni viumbe kama sisi. Wakristo wa makanisa ya maombi wanaamini pepo na kuwakemea kila Jumapili. Wapo pia wanaozijua ngoma za kupunga pepo tangu utotoni. Kwa hiyo muvi ya pepo, hata isiyo na tone la damu, kwa watu hawa haileti jambo la kubuni. Inaleta jambo linalojulikana, kwa sura mbaya, ndani ya chumba wanacholala.

Ndiyo maana naona watu wakikubali mapanga na kukataa kivuli ukutani. Shangazi mmoja akipita sebuleni anaweza kuuliza "Mnatazama nini tena?", akaona mtu anachinjwa, akaendelea na safari yake jikoni. Akiona mtoto wa kwenye skrini anazungumza kwa sauti ya mtu mzima, atasimama, atasoma, na atawaambia mzime. Tusimdharau. Kwake kisu ni cha waigizaji, na ile sauti ni ya mwenye nayo.

Ndani ya aina hii pia kuna tofauti. The Exorcist na The Conjuring zina makasisi, maji ya baraka na msalaba. Kwa Muislamu vifaa hivyo viko mbali naye kidogo, na umbali huo humpa nafuu. Kwa Mkatoliki ni kinyume chake. Lakini mtoto anayejipinda kitandani huku mama hajui la kufanya hana umbali kwa yeyote. Ringu ya Hideo Nakata, 1998, haina msalaba wala kitabu. Ina kisima, ina msichana mwenye nywele zilizofunika uso, ina kanda ya video. Karibu hakuna damu. Na mtu aliyekulia nyumba yenye kisima uani, au aliyewahi kuchungulia visima vya magofu ya Gede wakati wa magharibi, hatakiona kile kisima cha Japani kuwa cha kigeni.

Shauri langu ni la wazi. Kama unaamini, na unaishi peke yako, na usiku huamka kwenda msalani nje, chagua damu uache pepo. Kama huamini kabisa, au imani yako imekupa utulivu hata humwogopi kiumbe mwingine, muvi ya pepo itakupa raha safi kuliko ya mateso, maana hofu yake haimwumizi mtu mbele yako. Na usimshurutishe mwenye kuamini kwa kumwita mshamba. Anajua anachokilinda.

Yaliyo karibu na nyumbani

Kuna muvi ambazo hazimo kwenye mgawanyo wowote wa hapo juu, na kwa mji huu ndizo nzito kupita zote.

Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, barani ya Malindi, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Mungu. Wengi walikuwa watoto. Miili ililetwa mochari ya hapa mjini, na familia zilikuja kutoka kila upande wa Kenya kutoa sampuli za DNA na kusubiri. Baada ya hapo, muvi za madhehebu, za kiongozi mwenye sauti ya upole na kundi linalomfuata hadi kaburini, hazina tena uzito waliokusudia watengenezaji wake. Midsommar ya Ari Aster, 2019, hadithi yake iko kijijini Sweden mchana kweupe, maua kila mahali, watu wanaimba huku wakipelekana kwenye kifo. Mtu wa mbali atasema ni muvi nzuri, ya ajabu, yenye matukio matatu au manne ya kutisha. Ni kweli. Lakini mimi siiweki mbele ya watu nisiowajua vizuri hapa Malindi, kwa sababu sijui nani kati yao alisubiri nje ya ile mochari.

La pili ni bibi mchawi. Katika kaunti hii ya Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa mvi tu na macho mekundu ya moshi wa kuni, mara nyingine shamba likiwa ndilo sababu ya kweli. Kuna hata kituo cha kuwahifadhi wazee waliotishiwa, Kaya Godoma, kule Ganze. Sasa chukua Drag Me to Hell ya Sam Raimi, 2009. Ina alama nyepesi, ina vichekesho vingi, damu yake ni ya mzaha. Kiini chake ni bibi kizee anayemroga msichana wa benki aliyemnyima nyongeza ya muda wa mkopo. Ukiwa mbali na hapa ni burudani ya Jumamosi. Lakini sebuleni kuna kijana ambaye babu yake anaishi Magarini, na kila mwaka familia inamsihi ahamie mjini kwa usalama wake. Kwa huyo, bibi mwenye meno mabovu anayeogopwa na kila mtu si mzaha. Kama kundi lina vijana wanaoanza kuamini kila wanachokiona, napendelea wasipewe picha nyingine ya mzee kuwa adui.

Na la tatu kwa ufupi: muvi za watu wanaosimamishwa njiani na wenye bunduki. Barabara ya kutoka hapa kwenda Lamu imewahi kushambuliwa mabasi. Anayesafiri njia hiyo kila mwezi kupeleka bidhaa ana haki ya kukataa, wala hahitaji kueleza.

Ukipima uvumilivu wako, basi, anza hapa. Usianze na kisu wala damu. Jiulize ni jambo gani limewahi kuikuta familia yako, mtaa wako, njia yako. Muvi inayoligusa hilo itakuwa kali kwako hata ikiwa na alama ya watoto.

Mazombi na madude

Hizi ndizo nafuu kwa walio wengi. Zombi hana uso wa mtu unayemjua, hasemi, hafurahii unavyoumia. Damu inaweza kumwagika ndoo kwa ndoo, na mtu wa moyo mwepesi akavumilia, kwa sababu hakuna ukatili wa makusudi ndani yake. Train to Busan ya Yeon Sang-ho, Korea Kusini, 2016, ndiyo ninayowapa wasiotaka mateso wala pepo: kuna kung'atwa na kukimbizana ndani ya treni, na katikati yake baba na binti yake mdogo. Onyo lake ni huzuni.

Mipaka nisiyoivuka

Muvi iliyoua kweli siitazami. Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, 1980, iliua wanyama halisi mbele ya kamera. Mkurugenzi alishtakiwa Italia, na ilimbidi athibitishe kwamba waigizaji wake wa kibinadamu wako hai. Mtu ataniambia, "Mbona Idi ya kuchinja unashika miguu ya mbuzi?" Naishika, ndiyo. Mbuzi yule anachinjwa kwa kisu kikali, kwa jina la Mungu, haonyeshwi kisu, na nyama inagawiwa jirani na maskini. Mnyama anayeuawa ili mtu mbali ashtuke ni kitu kingine, na sitaki kushiriki hata kwa macho.

Ubakaji nao siuweki katika muvi ya kundi. Zipo muvi za kutisha zilizojengwa juu yake, zikidai kwamba kisasi cha mwisho kinahalalisha kilichotangulia. Huenda wapo waliopata nguvu kwa kuzitazama, nao wanajua walichokitafuta. Lakini kwenye mkeka wenye watu wanane humjui aliyefanyiwa, na kumwekea jambo hilo bila kumwambia ni ukatili mwingine.

Kwa watoto, Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyetafiti kwa miaka mingi hofu za watoto na vyombo vya habari, alionyesha jambo linalosaidia kuchagua. Walio chini ya miaka saba au minane wanaogopa kinachoonekana kibaya, hata kiwe na roho njema. Wakubwa zaidi wanaogopa kinachoweza kutokea kweli. Kwa hiyo katuni yenye jitu inaweza kumkesha wa miaka minne, na taarifa ya habari ya saa moja ikamkesha wa miaka kumi na mmoja. Umwambie mdogo "si kweli" mara mia, bado ataona meno.

Kabla ya kubonyeza

Muvi ukiwa tayari nayo kwenye flashi, dakika tano za kuuliza zinatosha. Kwenye tovuti ya IMDb kila muvi ina mwongozo wa wazazi, na uzuri wake ni kwamba sehemu ya damu na ukatili imetengwa na sehemu ya matukio ya kuogofya. Zisome zote mbili, kwa sababu The Conjuring utaiona nyepesi kwenye moja na nzito kwenye nyingine. Tovuti ya Does the Dog Die inajibu kwa ndiyo au hapana: mnyama anakufa? mtoto anakufa? kuna sindano? Utajua tukio baya mapema, ndiyo, lakini kwa asiyeweza kulistahimili hiyo ni bei ndogo.

Sauti ndiyo yenye nguvu kuliko picha. Anayeziba macho huku masikio wazi anazidi kuogopa, kwa sababu akili inamtengenezea kibaya zaidi. Punguza sauti hadi nusu, washa taa moja, na muvi ile ile inashuka daraja. Visikilizio vya masikioni kitandani gizani vinafanya kinyume. Ndiyo maana muvi iliyosimuliwa juu na DJ Afro, msimulizi wa muvi wa Kenya, haimtishi mtu: sauti yake inafunika muziki wa hofu, na kicheko kinamaliza kilichobaki. Kwa mgeni wa aina hii ni mwanzo mzuri, ingawa Ringu isimuliwe hivyo itakuwa imeuawa.

Wala usilenge hofu kubwa iwezekanavyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliwapima mapigo ya moyo wageni wa nyumba ya kutisha, na mwaka 2020 wakachapisha kwamba raha ilikuwa juu zaidi pale hofu ilipokuwa ya kati. Ikipungua sana watu walichoka nayo, ikizidi raha ilishuka. Nami nimeyaona hayo mkekani bila kipimo: kundi likinyamaza kabisa na watu wakianza kutazama simu zao, muvi imepita pale palipokuwa na raha. Isimamisheni. Anayetaka kuimalizia ataimalizia kwake.

Kwa asiyewahi kabisa kutazama, ningempa A Quiet Place ya John Krasinski, 2018: madude yanayowinda kwa sauti, familia inayoishi kwa kunong'ona, damu kidogo, hakuna pepo, hakuna mtesaji. Lakini mwenye mtoto mdogo aambiwe kwamba mtoto mmoja anauawa dakika za mwanzo. Mjamzito aambiwe kuna mama anayejifungua bila kuruhusiwa kulia, na mwenye hofu ya vitu vyenye ncha aambiwe kuna msumari umesimama kwenye ngazi ya chini na mguu mtupu unashuka. Akishajua hayo na bado akasema wekeni, wekeni.